Mashine Iliyovishwa Gauni

Ukoo wetu una ugonjwa wa kufunika vitu. Televisheni ina shuka lake, redio ina kitambaa chake, jagi la maji lina kofia ya shanga, na rimoti ya nyumbani kwa mama bado imevaa nailoni ya dukani, ukitaka ikusikie lazima uibonyeze kwa hasira. Makochi yamevalishwa mgongoni na mikononi, na kochi lingekuwa na kichwa lingefungwa kilemba. Kwetu sisi, kitu kisichofunikwa ni kitu kisichopendwa.

Bingwa wa ugonjwa huu ni Mama Mkubwa, dada yake mama. Ana cherehani ya miguu, na kipande cha kitambaa kikibaki mkononi mwake hakilali bila kupangiwa kazi. Ndiye aliyenilea wakati mama alipokuwa kazini mbali, kwa hiyo nikisema namjua, amini kwamba namjua. Ni mkali, ni msafi kupita kiasi, na ukimwomba maji ya kunywa atakuletea na chakula, kisha akugombeze kwa kuchelewa kusema una njaa.

Nayasema haya mapema kwa sababu usipoyajua hutaelewa jinsi jiji zima lilivyopata ramani ya uongo, na jinsi Mama Mkubwa alivyokaribia kunyang'anywa mjukuu wake kwa ajili ya ramani hiyo.

Mimi ni fundi wa vipima hewa. Ni visanduku vyeupe, ukubwa wa mkate, vyenye feni ndogo ndani. Feni inavuta hewa ya mtaani na kisanduku kinahesabu vumbi jembamba, lile lisiloonekana kwa macho, linaloteremka hadi kwenye mapafu na kufanya makao huko. Pembeni kuna kioo kidogo kinachoonyesha namba, na ndani kuna laini ya simu inayotuma namba hizo ofisini. Sisi tunazigeuza rangi. Kijani ni hewa nzuri, njano ni ya kuangalia, nyekundu ni ya kukimbia. Ukizipanga rangi mtaa kwa mtaa, unapata ramani ya hewa, na siku ile ilipobandikwa ukutani mara ya kwanza nilijiona kama nimeijenga nchi.

Vipima vingi tulivifunga kwenye nyumba za watu, kwa sababu nguzo za barabarani zina wenyewe na wenyewe hawakutaka kusikia habari zetu. Bosi wetu, mtu mwenye tai fupi na matumaini marefu, aliwakusanya wenyeji wote ukumbini kabla hatujaanza.

"Ndugu zangu," akasema, "hiki kifaa ni ghali na ni cha watu wote. Nawaomba sana mkitunze kama mboni ya jicho."

Mama Mkubwa alikuwa kiti cha mbele, mkoba magotini, akiitikia kwa kichwa kila neno. Mimi nilisimama nyuma ya bosi nikijisikia fahari. Laiti ningejua kichwa kile kilikuwa kinapima mita ngapi za kitambaa zitatosha.

Kipima chake tulikifunga kwenye nguzo ya baraza, juu kidogo ya kichwa, kikiangalia barabara. Nilipomaliza kukaza skrubu alikifuta kwa pindo la khanga, akarudi nyuma hatua moja kukitazama, akasema, "Karibu nyumbani, baba." Tukacheka. Nikanywa chai, nikaenda zangu.

Sasa nikwambie habari za mjukuu, anayeniita mama mdogo. Tunamwita Chiriku kwa sababu haachi kuongea. Anaongea akila, anaongea akivaa viatu, watu wakiisha anaongea na ukuta. Mama yake ni dada yangu, binti wa Mama Mkubwa, muuguzi wa zamu ambaye hajui wiki ijayo atalala saa ngapi. Baba yake, shemeji yangu, ni mpima ardhi, leo yuko huku na kesho yuko porini na vigingi vyake. Kwa hiyo Chiriku alikuwa anakaa kwa bibi yake tangu alipoachishwa ziwa, na wazazi wanakuja siku za mapumziko. Mpango huo ulimfaa kila mtu. Mama Mkubwa ulimfaa kuliko wote, maana tangu mumewe afariki nyumba ile ilikuwa na sauti mbili tu, ya cherehani na ya Chiriku.

Kisha pumu ikamwanza mtoto. Ikawa inamkata katikati ya sentensi. Anaanza, "Bibi, unajua jana mwalimu alitu..." halafu kifua kinapiga mluzi, macho yanatoka, na habari za mwalimu zinaishia hapo. Anapewa dawa ya kuvuta, anatulia, lakini anakuwa kimya. Mimi naweza kuvumilia mengi, ila kimya cha yule mtoto kilikuwa kinanitoa machozi.

Daktari alisema jambo la kawaida ambalo madaktari wote wangesema: mtafute kinachomsumbua, kinaweza kuwa vumbi, kinaweza kuwa moshi, angalieni mazingira anayoishi. Akamaliza, akaita mgonjwa mwingine. Akatuachia sisi neno "mazingira", na neno hilo likaingia ndani ya familia kama fitina.

Mama Mkubwa alianza na zulia. Alilitoa, akalifua, halafu akaligawa. Akafuata mapazia, akafuata godoro, akafuata mito. Akaacha jiko la mkaa, akanunua la gesi, na gesi anaiogopa kama nyoka. Mwisho akamgeukia paka wake, dume moja nene tulilolibandika jina la Meya kwa sababu linakula sana na halionekani likifanya kazi. Daktari alikwishasema vipimo havikumwona paka na kosa lolote. Haikusaidia. Meya alibebwa ndani ya kikapu hadi kwa jirani anayetengeneza viatu, na Mama Mkubwa alirudi na kikapu kitupu, hakutaka kuongea na mtu siku nzima.

Mtoto hakupona, alizidi.

Hapo ndipo ramani yetu ilipotoka. Mitaa yote inayozunguka bohari ya saruji ilikuwa nyekundu, isipokuwa mmoja, mtaa wa Mama Mkubwa. Wenyewe ulikuwa kijani kibichi, umekaa katikati ya wekundu ule kama jani la mboga kwenye nyanya. Bosi alifurahi mno. Mtaa ule una miti kadhaa upande mmoja, na kabla ya saa sita alikwishaandika ukurasa mzima kuhusu maajabu ya miti. Mimi nilijua malori ya saruji yanapita pale. Nilimuuliza, "Bosi, hii namba mbona ndogo hivi?" Akanijibu, "Fundi, ulikikagua kipima?" Nilikuwa nimekikagua. Kila siku ya mapumziko nilipokwenda kula kwa Mama Mkubwa nilipanda kwenye stuli, nikasafisha tundu lake, nikatazama kioo. Kilikuwa kizima, kinapumua, kinaonyesha namba ndogo nzuri. Nikanyamaza, na kusema kweli nilifurahi pia. Nani hapendi kusikia kwamba waliomlea wanavuta hewa safi?

Nikamwonyesha Mama Mkubwa ramani kwenye simu yangu. Nikamwonyesha na shemeji.

Shemeji ni mtu mwema, niliweke wazi hilo. Hanywi, hapigi kelele, na mkewe akitoka zamu anakuta miguu yake imeandaliwa maji ya moto. Lakini ni mpima ardhi. Kwake yeye, ramani ikishapigwa muhuri mjadala umefungwa. Aliitazama simu yangu muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akaipunguza, akanirudishia.

"Kwa hiyo nje ni kuzuri," akasema taratibu.

"Ramani ndivyo inavyosema."

"Basi ni ndani, shemeji. Ni nyumba ile. Ya zamani, kuta zina unyevu, vitambaa kila mahali. Mwanangu anaumizwa na nyumba."

Kwa heshima ya ukwe hakuweza kumwambia Mama Mkubwa jambo lile uso kwa uso. Akataka niende mimi. Nikamwambia miguu yangu ina kazi nyingine. Mwishoni dada alimpigia mama yake simu: nyumba ile inamuumiza mtoto, kwa hiyo Chiriku atahamia kwao, upande wa pili wa mji, kwenye ghorofa, wameshampata mama wa kumlea mchana, watakuja kumchukua siku ya mapumziko.

Dada aliniambia mama yake hakubisha. Alisema, "Sawa, mwanangu," akakata. Mimi niliposikia hakubisha, ndipo nilipoogopa. Mama Mkubwa anabishana hata na saa ya ukutani.

Nilimpigia, hakupokea. Kesho yake asubuhi nikapiga tena, kimya. Nikaacha kazi niliyokuwa nayo, nikachukua mfuko wangu wa vifaa, nikaenda bila kuaga wala kutoa taarifa. Haikuwahi kutokea nikafika kwake siku ya kazi asubuhi, na tena bila kumwambia nakuja.

Nilimkuta barazani amepiga magoti, anasugua sakafu kwa brashi na sabuni, amejifunga khanga kifuani kama mtu anayekwenda vitani. Madirisha yote ya nyumba yalikuwa wazi, mbao zimesukumwa hadi mwisho. Chiriku alikuwa amekaa kwenye mkeka pale pale barazani, shule hakwenda kwa sababu ya kifua, anawavalisha wanasesere vipande vya vitambaa. Aliponiona alitaka kupiga kelele kama kawaida yake, akakohoa badala yake, akanipungia mkono.

Nikainua macho kutazama kipima changu.

Mashine ilikuwa imevaa gauni.

Sikutanii. Lilikuwa la kitambaa kizito cha maua ya zambarau, limeshonwa kwa kipimo, lina mikunjo kiunoni na lasi chini, na shingoni limekazwa kwa lastiki. Nilisogea nikalifunua kidogo. Ndani lilikuwa na bitana ya nailoni, lile jambo alilokuwa akilifanya kwenye makoti yetu ya shule ili mvua isipenye.

"Mama Mkubwa," nikasema. "Hiki nini?"

"Kipi?"

"Hiki ilichovaa mashine."

Akanyanyuka taratibu, mkono kiunoni. "Gauni lake. Si ungesema unakuja, ningelivua."

"Unalivua nikija?"

"Mgeni akija kitu kinafunuliwa, wewe hujui? Ukiondoka naivisha. Na hivi ndivyo mnavyofanya kazi siku hizi, mnavamia watu asubuhi bila hodi?"

"Imevaa tangu lini?"

"Tangu mlipoileta. Tai Fupi alisema tuitunze kama mboni ya jicho." Akaonyesha barabara kwa brashi, povu likaruka. "Huoni vumbi la mtaa huu? Malori yanapita tangu alfajiri. Ningeiacha uchi hivi hivi, ingekuwa katika hali gani sasa? Mngenilaumu."

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikacheka. Nilicheka hadi mbavu zikauma, na Chiriku akacheka kwa kuniona nacheka, kisha kicheko changu kikaisha na machozi yakabaki. Nilikuwa nimekumbuka siku zangu za kuja kula. Siku za mapumziko malori hayatembei. Siku pekee mashine ilipovuliwa gauni ndizo siku pekee mtaa ulipokuwa na hewa nzuri. Ndiyo maana hata wazazi wa Chiriku walipokuja kumwona walimkuta mzima, anaongea, na siku za kazi anasikika kwenye simu anakohoa.

"Unalia nini?" Mama Mkubwa akauliza, sasa kwa sauti nyingine. "Nimeiharibu?"

"Hujaiharibu. Ila kazi yake ni kula vumbi, Mama Mkubwa. Ikila ndiyo inahesabu."

Akaitazama. Akanitazama. "Na mimi nimeifunga mdomo."

"Tuivue," nikasema.

Alipanda stuli mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Alilegeza lastiki, akalivua gauni kwa uangalifu uleule anaomvulia mtoto aliyelala. Feni ikasikika. Kioo kikaonyesha namba ndogo, ikakaa kidogo, ikaanza kupanda. Ishirini. Thelathini na kitu. Lori la saruji likakata kona, likapita mbele yetu likinguruma, mkia wake wa moshi mweusi ukaingia barazani kama mtu wa nyumbani. Namba ikapita mia moja. Likaja la pili.

Mama Mkubwa alikuwa anazisoma kwa sauti, moja moja, kama mtoto anayejifunza. Alipofika mia na sitini akanigeukia.

"Hiyo ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na ndani?"

Nilikuwa na kipima cha mkononi mfukoni. Niliingia nikafunga madirisha ya chumba cha nyuma, kile anacholala na Chiriku, nikakaa na kile kipima juu ya kitanda, naye amesimama mlangoni. Hewa ilipotulia namba ilianza kushuka. Ilishuka hadi ikawa ya chini kuliko za vyumba vingi nilivyopima katika jiji hili, vikiwemo vya wakubwa. Nikamgeuzia kioo aone.

"Kwa hiyo si nyumba yangu," akasema.

"Si nyumba yako."

"Si zulia."

"Si zulia. Wala Meya."

Akashika mlango. "Mnyama wa watu nimemwonea bure." Akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni. Nilimwona mabega yakishuka. Miezi yote ile alikuwa ameyabeba yamepanda juu karibu na masikio, na mimi nilidhani ni uzee.

Kisha mabega yakapanda tena. Akageuka kutazama sebule, madirisha yaliyo wazi, na mbele yake baraza, mkeka, na mtoto juu ya mkeka.

"Uliponionyesha ramani," akasema polepole, "uliniambia nje ni kijani."

"Ndiyo."

"Nikasema, kumbe hewa nzuri iko nje. Nikawa namfungulia madirisha kila asubuhi. Nikimwona amezidiwa namtoa barazani, nampepea, namwambia vuta, mjukuu wangu, vuta sana. Nilikuwa namwambia avute sana."

Sijawahi kumwona Mama Mkubwa akilia vile, hata msibani kwa mumewe. Nilimshika. Nilimwambia kwamba ramani ndiyo iliyomdanganya, na ramani ni yetu, sisi tuliosoma maagizo ya kile kifaa yote na tukasahau kuwaambia watu neno moja tu, msikifunike. Tulisema kitunzeni, nao wakakitunza. Sijui kama alinisikia. Aliitoa mikono yangu taratibu, akaenda barazani, akambeba Chiriku na wanasesere wake wote, akamwingiza chumba cha nyuma, akafunga mlango.

Nilirudi ofisini na lile gauni ndani ya mfuko. Bosi alikuwa mbele ya ramani, amesimama karibu na mtaa wake wa kijani. Nikalitandaza juu ya meza yake.

"Hii miti yako," nikamwambia.

Alilishika, akaligeuza, akaona bitana. Alikaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, kwa maana nilikuwa tayari kumpigania Mama Mkubwa mbele ya mtu yeyote, lakini yule bwana alifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka kicheko cha mtu aliyepatikana.

"Niliwaambia kama mboni ya jicho," akasema. "Jicho lenyewe si lina kope?"

Akaniagiza nizunguke kwa wenyeji wote, na safari hii nisipige simu kabla. Nilikuta kipima kimoja ndani ya neti ya mbu. Kingine kilikuwa kimewekewa ndoo juu kwa ajili ya jua. Kingine kilikuwa kimehamishiwa ndani ya kabati, kimefungwa kwa kufuli, na mwenyewe akanifungulia kwa majivuno huku akiniambia wezi wa mtaa ule hawana dogo. Kila nyumba nilikunywa chai na kuivua mashine nguo. Bosi aliiondoa ramani ukutani kwa mikono yake, na ukurasa wa miti akauweka kwenye pipa.

Siku ya mapumziko ilipofika nilitangulia kwa Mama Mkubwa, nikiwa na namba za wiki nzima za mashine iliyo uchi. Dada na shemeji walikuja na gari la kuazima kwa ajili ya mizigo ya mtoto. Nilimketisha shemeji kabla hajavua hata kofia, nikamweleza yote, kisha nikamwekea karatasi mapajani. Mpima ardhi yule alizipitia namba kwa kidole. Alipomaliza alishuka kwenye kochi, akachuchumaa mbele ya Mama Mkubwa, macho chini.

"Mama, nisamehe. Nimesema nyumba yako inamuumiza mtoto. Sikuwa na haki. Mtoto abaki, hatumchukui tena."

Dada alivuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Mimi pia nilijiona nimeshinda. Ndicho nilichokuwa nimekitaka tangu asubuhi ile, nyumba isafishwe jina na Chiriku abaki kwa bibi yake.

"Inuka, baba," Mama Mkubwa akamwambia. "Kukusamehe nimekusamehe. Lakini mtoto mchukueni."

Akaingia chumba cha nyuma, akatoka na begi. Lilikuwa tayari. Nguo zimepigwa pasi na kukunjwa, viatu vimefungwa kila kimoja na mfuko wake.

"Mama, si umesikia?" dada akasema. "Si nyumba yako."

"Nimesikia kabla yako. Mlipotaka kumchukua kwa sababu ya nyumba yangu, nilitaka kufa, kwa maana nyumba hii naijua. Sasa mmejua ni safi, roho yangu imetulia. Malori mimi siwezi kuyasugua." Akamvuta Chiriku magotini kwake. "Kule kwenu juu hayafiki. Nimemuuliza mdogo wako, amekwenda kupima."

Ni kweli nilikuwa nimepima. Aliniomba kwa simu katikati ya wiki, nikadhani ni udadisi tu.

"Bibi, na wewe unakuja?" Chiriku akauliza.

"Mimi nina mgeni hapa wa kumtunza." Akaelekeza kidevu barazani. "Nikimwacha peke yake watamfunika."

Akatoa kitu kwenye begi akamvisha mtoto shingoni. Kilikuwa kimfuko kidogo cha kamba, cha kuwekea dawa ya kuvuta, cha kitambaa cha maua ya zambarau, na ndani bitana ya nailoni. Gauni nilikuwa nimemrudishia mwenyewe, nikidhani atalitunza kabatini.

Walipoondoka alifunga madirisha yote, moja baada ya jingine, akakaa kwenye cherehani bila kushona. Nilikaa naye. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kunigombeza.

Ramani mpya imetoka. Mtaa wa Mama Mkubwa ni mwekundu kama mingine, na bosi ameipeleka kwa wenye mamlaka ya barabara ili malori yatafutiwe njia nyingine. Bado wanakaa vikao. Meya amerudi, kwa hiari yake, mnene zaidi.

Siku ya mapumziko iliyopita nilifika mapema. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye stuli barazani, shingo juu, anatazama kioo cha mashine, simu sikioni.

"Arobaini na tano," alikuwa anasema. "Hapana, bado. Subirini hapohapo, msikate."

Alinusa hewa. Akanyanyuka, akanikabidhi simu bila salamu, akachukua ndoo ya maji na kuvuka barabara. Nyuma ya ukuta wa jirani kulikuwa na moshi wa takataka. Nilisikia sauti yake, nikasikia sauti ya jirani ikijitetea, nikasikia maji yakimwagika na majivu yakilia. Akarudi na ndoo tupu, akakaa tena kwenye stuli, mikono mapajani, akaitazama namba ikishuka. Kwenye simu mkononi mwangu Chiriku alikuwa anaongea bila kituo: nimevaa viatu, nimeshika begi, nimekaa ngazini, baba ameshika ufunguo, mama mdogo unanisikia, mwambie bibi nimevaa na soksi, na hakukohoa hata mara moja.

Ishirini. Kumi na tano. Kumi na moja.

Mama Mkubwa alinyoosha mkono, nikampa simu. Alisubiri mpaka namba ikawa tisa. Ndipo alipoanza kufungua madirisha kwa mkono mmoja, kuanzia la sebuleni, na kusema, "Haya, mleteni."